Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nambari 2⁶⁷ − 1

Kwenye kipindi chetu cha hisabati cha Jumamosi hapa Kisumu, kuna nambari moja ambayo huwa naiandika ubaoni kabla sijasema lolote:

147,573,952,589,676,412,927

Maswali yanayofuata huwa yale yale, yawe yametoka kwa vijana wa Kondele na Nyalenda, kwa mzazi aliyeketi nyuma akimsubiri mwanawe, au kwa mwalimu mwenzangu aliyekuja kutoka upande wa Maseno kuona tunafanya nini. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, ili Jumamosi tupate muda wa kuhesabu.

Hii ni nambari gani, na kwa nini unaikumbuka kwa moyo?

Sijaikariri. Naandika 2 sitini na saba, nazizidisha zote pamoja, kisha natoa 1. Wanahisabati huiita M67. Herufi M inatokana na jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa aliyeishi kati ya 1588 na 1648. Ina tarakimu 21. Ukiiandika kwa mfumo wa kompyuta wa sufuri na moja, inakuwa moja 67 zilizopangwa mstari bila sufuri hata moja katikati. Kwa macho inaonekana kama nambari iliyookotwa njiani, kumbe ni mojawapo ya nambari zenye umbo safi kabisa.

Si nambari tasa, yaani si ile isiyogawanyika kikamilifu ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ndiyo maana ina ukurasa wake.

Ni kubwa kiasi gani kwa mtu wa kawaida?

Chukua punje ya mahindi yenye uzito wa gramu 0.3, mahindi ya kawaida tu ya soko la Kibuye. Punje M67 zitakuwa na uzito wa tani trilioni 44 hivi. Kenya ikivuna tani milioni 4 kila mwaka, bila ukame, bila viwavijeshi, na bila mtu kula hata punje moja, itachukua miaka milioni 11 kuzikusanya.

Lakini nawaonya wanafunzi wangu wasivutwe sana na ukubwa. Kwa nadharia ya nambari, tarakimu 21 ni kitoto. Kinachotushughulisha ni kilichomo ndani yake.

Kwa nini 67? Mbona si 66 au 68?

Kwa sababu 67 ni tasa. Hiyo 67 iliyoandikwa juu ya 2 huitwa kipeo. Kama kipeo chenyewe kina vigawo, yaani nambari zinazokigawanya bila baki mbali na 1 na chenyewe, 2 kwa kipeo hicho kutoa 1 nayo itakuwa na vigawo, na utavipata bila jasho. Tazama 2⁶ − 1 = 63: kwa kuwa 6 inagawanyika kwa 2 na kwa 3, basi 63 inagawanyika kwa 2² − 1 = 3 na kwa 2³ − 1 = 7. Vivyo hivyo 2⁹ − 1 = 511 inagawanyika kwa 7. Kipeo kikiwa tasa mlango huo unafungwa, na hapo swali linaanza kuwa gumu.

Watu wa kale walidhani kipeo kikiwa tasa, jibu nalo litakuwa tasa. Inakubali kwa 2, 3, 5 na 7: unapata 3, 7, 31 na 127, zote tasa. Kisha unafika 11, na 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Hiyo 2,047 ni ndugu mdogo wa M67 na nitaitumia mara nyingi hapa chini, kwa sababu inatosha kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Mersenne alisema nini hasa?

Mwaka 1644 alichapisha orodha. Alidai kwamba kwa vipeo vyote hadi 257, nambari 2ᵖ − 1 ni tasa pale tu p ikiwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 au 257. Hakutoa uthibitisho. Kwa uwezo wa kuhesabu wa wakati wake asingeweza kuzikagua zile kubwa, na walioisoma orodha hiyo walilijua hilo.

Mbili alizoziweka hazistahili: 67 na 257. Tatu zinazostahili aliziacha: 61, 89 na 107. Ile ya 61 ilithibitishwa kuwa tasa mwaka 1883 na Ivan Pervushin, kasisi wa Urusi. Wapo wanaomtetea Mersenne kwa kusema aliandika 61 na mpiga chapa akasoma 67. Utetezi huo haunishawishi. Mpiga chapa angekosea 67, sawa, lakini 89 na 107 nani alizimeza?

Hata hivyo orodha yenye makosa matano iliwapa watu kazi kwa karibu miaka mia tatu.

Nambari kubwa hivyo si lazima iwe na vigawo vingi?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huteleza. M67 ina vigawo vinne tu: 1, yenyewe, na hivi viwili:

193,707,721 na 761,838,257,287

Vyote viwili ni tasa, kwa hiyo huwezi kuvivunja zaidi.

Sasa tazama majirani wake. Ukitoa 1 unapata 2⁶⁷ − 2, na hiyo inavunjika hivi: 2 × 3² × 7 × 23 × 67 × 89 × 683 × 20,857 × 599,479. Ukihesabu njia zote za kuchanganya vipande hivyo, utapata vigawo 768. Ukiongeza 1 kwenye M67 unapata 2⁶⁷ yenyewe, ambayo haina kitu ndani ila 2, na vigawo vyake ni 68. Nambari tatu zinazofuatana, zenye ukubwa uleule kabisa, na idadi ya vigawo ni 768, 4 na 68. Ukiniuliza nambari hizi zinafurahishia wapi, nitakujibu ni hapa. Kujumlisha moja tu kunavuruga kila kitu kuhusu kuzidisha.

Na kama unataka nambari ndogo yenye vigawo vingi, 720,720 ina 240. Ni ya tarakimu sita.

Mtu anawezaje kujua kwamba nambari si tasa bila kuonyesha kigawo hata kimoja?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba M67 si tasa. Hakutaja kigawo. Hakuwa nacho. Kwa miaka 27 iliyofuata, dunia ilijua kwamba nambari hii inavunjika lakini hakuna aliyejua inavunjika wapi.

Njia yake, kama ilivyonyooshwa baadaye na Mmarekani Derrick Lehmer katika miaka ya 1930, ni hii. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa nambari unayoichunguza na ubaki na baki tu. Rudia. Kwa kipeo p, unarudia mara p − 2. Baki la mwisho likiwa sufuri, nambari ni tasa. Likiwa kitu kingine chochote, si tasa. Hakuna labda.

Tufanye kwa 127, ambayo ni 2⁷ − 1. Tunarudia mara tano. Kutoka 4 tunapata 14. Kutoka 14 tunapata 194, ambayo ukiigawanya kwa 127 inabaki 67. Kutoka 67 inabaki 42. Kutoka 42 inabaki 111. Kutoka 111 tunapata 12,319, ambayo ni 97 × 127 kamili, baki sufuri. Basi 127 ni tasa.

Sasa 2,047. Tunarudia mara tisa: 4, kisha 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, na mwisho 1736. Si sufuri, basi 2,047 si tasa. Angalia tena mfuatano huo. Je, unaiona 23 popote? Unaiona 89? Hazipo. Jaribio limetoa hukumu bila kumtaja shahidi.

Kwa M67 unarudia mara 65. Ni kazi nzito kwa mkono, maana kila hatua unazidisha nambari za tarakimu 20 hivi, lakini ni kazi ya mtu mmoja mwenye subira. Kutafuta kigawo ni safari ya aina nyingine kabisa, na wanafunzi wengi hushangaa kuambiwa kwamba mambo haya mawili hayalingani kwa ugumu. Shuleni tunafundishwa kana kwamba ni jambo moja: unajua 91 si tasa kwa sababu umeona 7 na 13.

Nani hatimaye alivipata vigawo?

Frank Nelson Cole, mwanahisabati wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia na aliyekuwa katibu wa Jumuiya ya Hisabati ya Marekani kuanzia 1896 hadi 1920. Tarehe 31 Oktoba 1903, siku ya Jumamosi, alisimama mbele ya mkutano wa jumuiya hiyo mjini New York.

Inasimuliwa kwamba hakufungua kinywa. Alikwenda ubaoni akakokotoa 2⁶⁷, akatoa 1. Akahamia upande wa pili wa ubao, akaandika zile nambari mbili na kuzizidisha kwa mkono, mstari kwa mstari, hadi majibu mawili yakafanana. Akarudi kuketi. Ukumbi ukapiga makofi, na hakuna aliyeuliza swali. Baadaye, alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibu kwamba ni Jumapili za miaka mitatu.

Masimulizi haya yametufikia kupitia Eric Temple Bell, mtu aliyejua kunogesha hadithi za wanahisabati, kwa hiyo ukimya ule uuchukue kwa kijiko kidogo. Vigawo lakini havina shaka. Jumuiya hiyo hadi leo hutoa Tuzo ya Cole kwa kazi za aljebra na za nadharia ya nambari.

Nataka kuhakikisha mwenyewe kwamba zao ni sahihi. Nifanyeje?

Vizuri, usiniamini. Kata kigawo kidogo vipande vitatu: 193, 707 na 721. Zidisha kigawo kikubwa kwa kila kipande, halafu sogeza sufuri tatu kila unapopanda:

761,838,257,287 × 721 = 549,285,383,503,927
761,838,257,287 × 707 = 538,619,647,901,909, ongeza sufuri tatu
761,838,257,287 × 193 = 147,034,783,656,391, ongeza sufuri sita

Jumlisha:

147,034,783,656,391,000,000
+ 538,619,647,901,909,000
+ 549,285,383,503,927
= 147,573,952,589,676,412,927

Kwa 193 ni rahisi zaidi uzidishe kwa 200 kisha utoe mara 7. Na ile mara 7 umeshaihitaji kwenye 707, kwa hiyo usiikokotoe mara mbili.

Ukitaka kujikagua haraka, jumlisha tarakimu. Za kigawo kidogo ni 37, za kikubwa ni 64, za M67 ni 109. Zote tatu ukizigawanya kwa 9 zinabaki 1, na 1 × 1 ni 1. Hilo halithibitishi kwamba zao ni sahihi, lakini kama umekosea tarakimu moja, karibu kila mara litakushika.

Mwanafunzi wa Gredi ya 8 mwenye kalamu na karatasi pana anamaliza zoezi hili kabla chai haijapoa. Jibu lililomgharimu Cole Jumapili zake zote, mtoto anaweza kulikagua kwenye benchi.

Cole alijaribu kila nambari moja moja?

La hasha. Kipeuo cha pili cha M67, yaani nambari ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata M67, ni kama bilioni 12.1. Kigawo kidogo lazima kiwe chini ya hapo, na kujaribu nambari bilioni 12 kwa mkono hata mtawa asingeweza.

Ila vigawo vya nambari hizi haviko huria. Chukua tena 2,047 na kigawo chake 23. Andika vipeo vya 2 na ubaki na mabaki ya kugawanya kwa 23: 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Hatua 11, ndipo ukarudi kwenye 1. Mzunguko wa aina hii lazima uingie sawasawa ndani ya kigawo kutoa moja. Hapa 11 inaingia ndani ya 22 mara mbili. Hiyo ndiyo kanuni ndogo ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa, ikifanya kazi yake. Kwa M67 mzunguko una hatua 67, na 67 ni tasa, haikatiki. Kwa hiyo kigawo chochote tasa cha M67, ukikitoa 1, kinagawanyika kwa 67. Na kwa kuwa kigawo ni witiri, ukikitoa 1 kinagawanyika kwa 2 pia, yaani kwa 134.

Maana yake tunatafuta nambari za umbo 134k + 1 tu. Kisha kuna kichujio cha pili: kigawo kikigawanywa kwa 8 lazima kibaki 1 au 7. Hicho kinaondoa nusu ya waliobaki. Kagua: 193,707,721 ni 134 × 1,445,580 + 1, na ukiigawanya kwa 8 inabaki 1. Kigawo kikubwa ni 134 × 5,685,360,129 + 1, na kwa 8 kinabaki 7. Zimepita zote mbili.

Ukianza kutoka chini, nambari tasa ya kwanza inayopita vichujio vyote viwili ni 1,609. Inayofuata ni 3,217. Hakuna hata moja inayogawanya M67, lakini ona jinsi ulivyoruka mbali kwa hatua mbili.

Kwa hiyo angebaki na ngapi za kujaribu?

Hadi kufikia 193,707,721 kuna nambari 722,790 zinazopita vichujio hivyo viwili. Ukiondoa zisizo tasa zinapungua sana, lakini bado ni nyingi mno kwa Jumapili. Cole aliongeza vichujio vingine, kwa kutumia mabaki ya miraba: kila baki jipya alilolipata liliwafukuza nusu ya wagombea waliosalia. Ustadi wake ulikuwa huo wa kuwafukuza wengi bila kuwagusa.

Nimesoma kwamba kuna jaribio rahisi la Fermat. Kwa nini lisitumike?

Kwa sababu M67 hulidanganya. Jaribio linasema: n ikiwa tasa na ni witiri, 2 kwa kipeo n − 1 ukiigawanya kwa n inabaki 1. Wengi hulisoma kinyumenyume, kwamba ikibaki 1 basi n ni tasa.

Sasa tazama. 2⁶⁷ ni M67 + 1, kwa hiyo ukiigawanya kwa M67 inabaki 1. Kipeo chochote ambacho ni 67 mara kitu fulani kitabaki 1 pia. Na M67 − 1, kama tulivyoona kwenye orodha ya vipande vyake, ina 67 ndani yake. Basi M67 inalipita jaribio la Fermat bila kutetemeka, ilhali si tasa. 2,047 nayo hulipita kwa ujanja huohuo. Lakini ukiweka 3 mahali pa 2, 2,047 inanaswa.

Nambari zote za aina hii zenye kipeo tasa hulipita jaribio la 2. Ndiyo sababu Lucas alihitaji njia yake.

Kikokotoo changu kinaonyesha 1.475739526 × 10²⁰. Kimeharibika?

Hakijaharibika. Skrini yake ina nafasi ya tarakimu kumi hivi, kwa hiyo kimebakiza za mwanzo na kuzizungusha zilizobaki. Jedwali la hesabu la kompyuta nalo huhifadhi tarakimu 15 na kujaza sufuri. Ukikuta M67 inaishia na sufuri, kataa hapohapo, kwa sababu ni nambari witiri.

Mpangilio wa kawaida wa biti 64 hauitoshi M67: inahitaji biti 67. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huzihesabu nambari nzima kamili bila kujali urefu, kwa hiyo andika 2**67 - 1 na utaziona tarakimu zote 21.

Simu yangu inaweza kuvipata vigawo leo?

Ndiyo, chini ya sekunde moja kwa programu nzuri. Lakini sababu si kasi peke yake. Tazama kigawo kidogo kutoa moja:

193,707,720 = 2³ × 3³ × 5 × 67 × 2,677

Vipande vyote ni vidogo. Kikubwa kabisa ni 2,677. Mwaka 1974 Mwingereza John Pollard alibuni njia inayotumia udhaifu huu hasa. Unapandisha 3, kwa mfano, kwenye kipeo kilichojengwa kwa nambari zote ndogo, unatoa 1, kisha unatafuta kigawo kikubwa cha shirika kati ya jibu na M67. Kigawo ambacho kikitolewa 1 kinavunjika vipande vidogo kinajitokeza chenyewe. Kwa maoni yangu hii ndiyo sifa ya M67 isiyotajwa inavyostahili: nambari iliyomsumbua Cole miaka mitatu ilikuwa na ufa, na ufa huo haukuwa na jina hadi miaka 71 baadaye.

Haya yananihusu nini? Mimi nafanya biashara, natumia M-Pesa.

Mama mmoja muuza samaki wa Dunga aliniuliza hivi huku akicheka, na swali ni la haki.

Tofauti ile ile, kwamba kukagua ni rahisi na kutafuta ni vigumu, ndiyo iliyotumiwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman kutengeneza mfumo wa usimbaji unaoitwa RSA. Unachagua nambari mbili tasa kubwa, unazizidisha, zao unalitangaza hadharani, na zile mbili unazificha. Anayetaka kukufungia ujumbe anatumia zao. Anayetaka kuufungua lazima azijue zile mbili. Tovuti nyingi zimelindwa hivyo.

Tarakimu 21 hazitoshi kumlinda mtu. Mwaka huohuo wa 1977 wabunifu walitoa changamoto ya nambari ya tarakimu 129, na ikavunjwa mwaka 1994 na watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kupitia intaneti. Mwaka 2020 ilivunjwa ya tarakimu 250. Ile ya changamoto inayoitwa RSA-2048 ina tarakimu 617 na bado imesimama.

Lakini, mama, anayekupigia simu akisema ametuma pesa kwa makosa na anataka namba yako ya siri havunji nambari yoyote. Anakuomba tu. Dhidi yake hisabati haina msaada, kata simu.

Je, zipo nambari ambazo hadi leo tunajua si tasa lakini hatuna kigawo?

Zipo, na moja inatoka katika ukoo huuhuu. 2¹²⁷⁷ − 1 ina tarakimu 385. Jaribio la Lucas na Lehmer linasema si tasa. Kompyuta za watu wa nchi nyingi zimeitafuna kwa miaka mingi na hakuna kigawo hata kimoja kilichopatikana. Hali yake ni ya M67 kati ya 1876 na 1903.

Upande wa pili, zile za ukoo huu ambazo ni tasa zinaendelea kugunduliwa. Mradi wa GIMPS, ulioanzishwa mwaka 1996 na George Woltman, hugawa kazi kwa yeyote mwenye kompyuta na umeme usiokatika. Oktoba 2024 walitangaza 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Ndiyo tasa ya 52 inayojulikana katika ukoo wa Mersenne. Hakuna aliyethibitisha kwamba tasa hizi haziishi. La kustaajabisha zaidi, hakuna aliyethibitisha hata kwamba zisizo tasa zenye kipeo tasa haziishi, ingawa tunakutana nazo kila kona.

Hii itakuja kwenye mtihani wa KCSE?

Hapana.

Nianzie wapi nikiwa na kalamu tu?

Anza na 2²³ − 1, yaani 8,388,607. Vigawo ni vya umbo 46k + 1. Weka k = 1 unapata 47; kwa 8 inabaki 7, imepita. Gawanya: 8,388,607 ÷ 47 = 178,481. Umemaliza kwa jaribio la kwanza.

Halafu 2²⁹ − 1, yaani 536,870,911. Umbo ni 58k + 1. Pitisha kwenye vichujio: 59 inabaki 3 kwa 8, itupe. 117 inabaki 5, itupe. 175 inabaki 7 lakini inagawanyika kwa 5, itupe. 233 inabaki 1, na ni tasa. Jaribu hiyo. Utabaki na 2,304,167, ambayo nayo inavunjika mara mbili. Hizo mbili nakuachia, na zote zina umbo lilelile la 58k + 1.

Ukimaliza, shika 2³⁷ − 1 = 137,438,953,471, umbo 74k + 1. Ukipita zaidi ya k = 3 bila kuona kitu, rudi nyuma ukakague ugawanyaji wako. Yenye kipeo 31 usiiguse, maana ni tasa. Leonhard Euler alishatumaliza hapo karne ya 18. Nayo 2⁴¹ − 1 ilete Jumamosi, na karatasi ya ziada.